Kijiji Kisichomjali Mgeni Hakijitawali

Msafiri wa barabarani anayetoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, Bukoba au Kigali hawezi kuikwepa Singida. Akishaiacha Bahi anaingia Manyoni, anapita Ikungi na Singida mjini, anateremka mlima Sekenke na kutokezea Igunga. Anayetoka Arusha kwa njia ya Babati na Katesh naye anaangukia hapo hapo. Reli ya Kati inapita Manyoni na Itigi, na kutoka Itigi kuna njia ya Rungwa inayoshuka hadi Mbeya. Kabla ya lami na reli, misafara iliyokwenda na kurudi kati ya pwani na Unyanyembe iliikata Ugogo, ikafika maeneo ya Kilimatinde, kisha ikakabiliana na pori kavu la Mgunda Mkali kabla ya kuiona Tabora. Kwa hiyo mgeni si habari mpya kwa mtu wa Singida. Amemwona akipita, akichoka, akiugua, akiomba maji katika nchi ambayo yenyewe haina maji mengi, maana mvua za mkoa huu kwa kawaida ni milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, na zote zinanyesha katika msimu mmoja. Nataka kutetea hoja moja kuhusu mgeni huyo: kwamba namna anavyotendewa ndiyo inayoonyesha kama kijiji kinaweza kujitawala au hakiwezi.

Wengi wetu tunauona ukarimu kuwa pambo la utawala bora, jambo jema la kuongezea baada ya katiba, bajeti na uchaguzi kukamilika. Mimi nauweka chini kabisa, kwenye msingi. Kijiji ambacho watu wake hawajazoea kumtendea wema mtu wasiyemjua kitashindwa kusimamia hata kisima chake, hata kama kina sheria ndogo zilizopigwa muhuri na mwenyekiti aliyechaguliwa bila kupingwa. Kujitawala kunadai tabia moja ngumu: kumtendea haki mtu ambaye huna undugu naye, hukumchagua awe jirani yako, na pengine hana cha kukulipa. Tabia hiyo haipatikani kwenye semina ya siku mbili ya viongozi wapya. Inajengwa katika mambo madogo ya kila siku, na mambo hayo yanaonekana wazi zaidi pale mtu asiyejulikana anapobisha hodi.

Tuyaangalie mambo hayo kwa karibu. Basi limepasuka springi kati ya Ikungi na Manyoni saa nane mchana. Kando ya barabara kuna kinamama wanaouza mafuta ya alizeti kwenye madumu na vitunguu kwenye neti, na vijana wenye kuku wa kienyeji kwenye matenga. Abiria wanateremka, jua linawaka. Katika robo saa ya kwanza biashara inashika kasi, na hilo ni haki yao. Lakini ukitazama vizuri utaona mambo ambayo hayamo kwenye biashara. Mwenye kibanda anasogeza benchi kivulini kwa ajili ya mzee mwenye mkongojo. Mtoto anatumwa nyumbani kuleta maji ya kumwogesha kichanga aliyetapika. Kijana wa bodaboda anampakia mama mwenye homa hadi zahanati ya jirani na kumwambia habari ya nauli wataizungumza baadaye, ingawa anajua vizuri kwamba baadaye hiyo basi litakuwa limeshapona na kuondoka. Hakuna aliyeulizwa kabila, dini wala chama.

Kinachonivutia katika matendo hayo ni kwamba hayana marejesho. Wema wetu mwingine wote una daftari, hata kama daftari hilo liko kichwani. Tunachangia harusi tukijua na yetu inakuja. Tunakwenda kulima shamba la jirani tukijua zamu yetu itafika. Tunalala matanga kwa kuwa msiba hauachi nyumba. Hayo ni mema, na bila hayo vijiji vyetu vingekuwa vimeshasambaratika, lakini ndani yake kuna hesabu ya leo kwangu kesho kwako. Kwa mgeni wa basi hakuna kesho. Anayemsaidia anafanya hivyo kwa sababu moja tu, kwamba yule ni mtu. Na sababu hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa mtu anapokaa kwenye kamati ya maji au kushika fedha za kijiji, kwa kuwa huko pia anawahudumia watu ambao wengi wao hawatamlipa fadhila kamwe.

Hapa msomaji anaweza kusema kwamba kijiji si basi: ni jamaa wanaojuana tangu mababu. Historia inakataa. Vijiji vyetu vingi kwa sura yake ya leo ni vichanga. Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo walikuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila kaya na tembe lake karibu na mashamba na mifugo yake. Operesheni Vijiji ya 1974 hadi 1976 iliwakusanya watu, wengi kwa kulazimishwa, na kuwapanga kwa mistari kando ya barabara, mtu na jirani ambaye hakuwahi kumwomba moto. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ikawapa majirani hao wa ghafla halmashauri yao. Wakati huo serikali za mitaa zilikuwa zimeshafutwa tangu 1972, na zilipofufuliwa kwa Sheria Namba 7 na Namba 8 za 1982, kijiji kikathibitishwa kuwa ngazi ya chini ya mamlaka za wilaya, chenye mkutano mkuu wa watu wazima wote. Sheria haikuuliza ukoo wa mtu. Ilitazama umri na ukazi. Maana yake ni kwamba yule aliyekuwa mgeni juzi, akishakuwa mkazi, ananyanyua mkono sawa na mjukuu wa mtemi. Na wageni hawajakoma kuja. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 1,370,637 mkoani Singida, ile ya 2022 ikawahesabu 2,008,058. Wengi wa nyongeza hiyo wamezaliwa hapo hapo, lakini nani asiyeona wakulima wa alizeti na vitunguu waliotoka mikoa mingine, wafugaji walioingia na ng'ombe wao, vibarua waliofuata ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Makutupora na Tabora? Kijiji cha Singida cha leo ni mkusanyiko wa watu waliokuwa wageni wakati fulani. Asiyeweza kuishi na mgeni hana kijiji cha kutawala.

Kuna mahali ambapo jambo hili limechunguzwa kwa undani, na pako mbali na kwetu. Katikati ya miaka ya 1950, Mmarekani Edward Banfield aliishi katika kijiji kimoja cha kusini mwa Italia, akakipa jina la kubuni la Montegrano, na mwaka 1958 akatoa kitabu kuhusu alichokiona. Watu wa kijiji kile hawakuwa wabaya. Walizipenda familia zao kupita kiasi. Lakini nje ya ukuta wa nyumba hapakuwa na wajibu wowote: kila mmoja aliinufaisha familia yake na kuamini kwamba wengine wote wanafanya vivyo hivyo. Matokeo yake, shida za wazi za shule na matibabu zilikaa miaka na miaka bila watu kuungana kuzishughulikia, na kiongozi yeyote aliyejitokeza alidhaniwa mara moja kuwa ameshaonja. Ukiisoma habari ile ukiwa Singida unatambua kitu. Ni ugonjwa ule ule wa mikutano yetu ambapo mtu akijitolea kufuatilia fedha za ukarabati wa zahanati, swali la kwanza linalonong'onwa ni kwamba yeye anapata nini.

Wakosoaji wa Banfield walimjibu kwa nguvu, na jibu lao ni zito. Walisema aliwalaumu maskini kwa umaskini wao: wakulima wale walikuwa hawana ardhi ya kutosha, wametawaliwa kwa karne nyingi na mabwana wasioishi hapo, na serikali yenyewe ilikuwa mbali. Kutoaminiana kwao kulikuwa matokeo ya maisha yale. Nakubali nusu ya jibu hilo. Ni kweli kwamba shida na dhuluma hufundisha watu kujifungia. Lakini Singida yenyewe inapinga kwamba umaskini peke yake unamaliza habari. Huu si mkoa tajiri. Njaa imeupitia mara nyingi, na kuna miaka uwele na mtama vimekauka kabla ya kutoa suke. Hata hivyo hakuna anayeijua mitaa na vitongoji vyake anayeweza kusema kwamba mlango wa nyumba maskini ni mgumu kufunguka kuliko wa nyumba tajiri. Dhiki inapunguza kiasi cha kutoa. Kama mtu atatoa au hatatoa, hilo linaamuliwa na kitu kingine, na kitu hicho kinalelewa.

Nisieleweke kwamba nadai mababu walikuwa malaika waliomfungulia kila mpita njia. Misafara ya karne ya 19 iliyopita Ugogo ililipishwa hongo, yaani ushuru wa njia, na watemi kabla ya kuruhusiwa kuteka maji na kuendelea, na wasafiri wa Ulaya kama Burton na Stanley waliilalamikia sana katika vitabu vyao. Wao waliona ulafi. Mimi naona utawala. Msafara wa mamia ya wapagazi wenye bunduki ukifika kwenye kisima cha kiangazi unaweza kukikausha kwa siku moja na kuwaacha wenyeji na matope. Mtu mmoja mwenye kiu na msafara mzima wenye silaha si mgeni wa aina moja, na jamii inayojua kujitawala inawatofautisha: wa kwanza anapewa kata ya maji, wa pili anaambiwa alipie. Tofauti hiyo hiyo iko katika methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ambayo Mwalimu Nyerere aliitumia katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962. Wengi huisema kana kwamba inamfukuza mgeni. Kwangu mimi inamkaribisha kwa heshima kubwa zaidi ya chakula, maana anayepewa jembe ameshahesabiwa kuwa mmoja wa wanaoijenga nyumba. Ukarimu ninaoutetea una macho na una mipaka, na mipaka hiyo wanaiweka wenyeji wenyewe.

Lipo pingamizi linalonisumbua kuliko hayo. Mwaka 2001 Tanzania ilishiriki katika utafiti wa kimataifa wa maadili, na watu waliulizwa kama kwa ujumla wanadhani binadamu wengi wanaaminika. Waliojibu ndiyo hawakufika mmoja katika kumi, kiwango cha chini hata kwa kulinganisha na nchi nyingi duniani. Sasa tunajisifuje kwa ukarimu ilhali hatuaminiani? Nimelitafakari swali hili, na nadhani jibu liko katika kutenganisha vitu viwili tulivyozoea kuvichanganya. Kumwamini mtu ni maoni yako kumhusu. Kumtendea wema ni kazi unayoifanya. Mama anayempa msafiri maji ya kunywa hajatoa hukumu kwamba msafiri yule ni mwaminifu. Pengine kuku wake amewafungia ndani. Anafanya wajibu wake huku mashaka yake yakiwa macho. Na kwa utawala wa kijiji hii ni habari njema, kwa sababu mkutano mkuu haudai tuaminiane. Ndiyo maana upo. Mapato na matumizi yanasomwa hadharani kwa kuwa hatumwamini mtu yeyote kwa macho yamefumbwa. Kinachotakiwa ni kwamba, pamoja na mashaka hayo, tuendelee kutendeana haki, tusikilizane hadi mwisho, tusimnyime mtu zamu ya kusema kwa kuwa hatujui atasema nini.

Pale wajibu huo unapokufa na mashaka yakabaki peke yake, tumeshaona kinachotokea. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino katika mkoa jirani wa Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian cha Arusha na dereva wao waliuawa na wanakijiji na gari lao likachomwa moto. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Umati uliamini kwamba ni wanyonya damu. Wanaosema ukarimu kwa wageni unahatarisha usalama wa kijiji wayatazame mauaji yale vizuri. Waliokufa ndio wageni, na hawakuwa na hatia yoyote. Kijiji kilikuwa na mwenyekiti, kilikuwa na mtendaji, kilikuwa na kata na tarafa juu yake, na ngazi zote hizo hazikuwaokoa watu watatu. Kilichokosekana ni watu wa kutosha wa kusema tuwasikilize kwanza. Swali dogo la adabu, lile la umetoka wapi na umekuja kwa nani, ndilo lingeokoa roho zile. Hapo ndipo ninapowapinga pia wanaodhani kumpeleka mgeni kwa balozi au kwa mwenyekiti wa kitongoji ni kinyume cha ukarimu. Kumtambulisha mgeni kwa jina lake ni kumkinga. Mgeni ni kuku mweupe, walisema wazee, kila jicho liko juu yake; akishaandikwa kwenye daftari na kujulikana amefikia kwa nani, jicho hilo linageuka kuwa ulinzi wake. Hata walinzi wa sungusungu waliozuka kwa majirani zetu wa Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe walisifiwa walipofuata utaratibu wa kuuliza na kusikiliza, na walilaaniwa kila walipouruka.

Woga wa wanyonya damu unanifanya nifikirie damu kwa upande wake mwingine. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004. Kabla yake hospitali zetu ziliwategemea zaidi ndugu: mgonjwa akihitaji damu, jamaa wanapangwa mstari, na asiye na jamaa karibu anaomba Mungu. Mpango huo ulileta wazo geni kwa wengi, kwamba mtu mzima wa afya atoe damu yake mililita 450 hivi na kuondoka bila kujua itamfikia nani. Inaweza kwenda kwa mama aliyetokwa damu akijifungua Makiungu au Kiomboi, kwa mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, au kwa majeruhi wa ajali aliyefikishwa Mtakatifu Gaspar pale Itigi. Mwaka 1970 Mwingereza Richard Titmuss alilinganisha nchi yake, ambako damu ilitolewa bure, na Marekani ambako sehemu kubwa ilinunuliwa, akaonyesha kwamba damu ya kununua ilikuwa hatari zaidi kwa kuwa muuzaji ana sababu ya kuficha ugonjwa wake. Wema kwa mtu usiyemjua uligeuka kuwa njia bora ya kuendesha huduma ya taifa zima, na soko halikuweza kuifikia. Mwanafunzi wa sekondari ya Singida anayekunja mkono wa shati na kujilaza kwenye kitanda cha kuchangia damu anafanya kitendo cha kiraia sawasawa na kupiga kura, na mimi ningesema kikubwa zaidi, kwa kuwa kura inaweza kuwa na maslahi yake ndani na chupa ile haina.

Barabarani napo tunaliona jambo hilo likitokea bila kupangwa. Julai 2016 mabasi mawili yaligongana uso kwa uso eneo la Maweni wilayani Manyoni, na watu karibu 30 wakapoteza maisha. Katika ajali kama hizo, wa kwanza kufika kwa kawaida ni watu waliokuwa mashambani, maana gari la wagonjwa liko mbali. Wapo wanaokuja kupekua mifuko ya majeruhi. Aibu hiyo tunaijua na tusiifiche. Lakini wapo wanaosimama katikati ya barabara kusimamisha magari, wanaobeba majeruhi kwa mikono, wanaovua khanga zao kuwafunika marehemu, na wapo wanaokaa kimya kando ya lundo la mizigo ya watu wasiowajua wakiilinda hadi polisi wafike. Huyu wa mwisho namwona kuwa ndiye hasa mtu wa kupewa ufunguo wa sanduku la fedha za kijiji. Ameshika mali isiyo yake, mwenyewe hana uwezo wa kumdai, hakuna anayemhesabia, na hajagusa kitu. Kama sheria na ofisi zetu zingemwezesha mtu wa namna hiyo badala ya kumtisha kwa maswali ya kituoni na safari za kutoa ushahidi, au kumwambia majeruhi aliyemfikisha hospitali asubiri kwanza fomu ya polisi ya PF3, tungekuwa na raia wengi zaidi wa aina yake.

Anayetaka kuona jinsi tabia hiyo ilivyogeuka kuwa utawala kamili aitazame Mgori ya miaka ya 1990. Msitu huo wa Singida vijijini una zaidi ya hekta 40,000, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa kwenye mpango wa kufanywa hifadhi ya serikali. Vijiji vitano vinavyouzunguka vilipewa nafasi ya kuusimamia vyenyewe, na kufikia 1995 vilikuwa vimegawana mipaka, vimetunga sheria ndogo na kuweka walinzi wao. Mgori na Duru-Haitemba ya Babati vilikuwa mfano ambao nchi nzima ilijifunza, na Sheria ya Misitu ya 2002 ikaja kuuwekea utaratibu huo msingi wa kisheria. Fikiria walichohitaji wale watu. Vijiji vitano havikuwa ukoo mmoja. Ilibidi wakae na watu wa upande wa pili wa bonde, ambao pengine walikuwa wakigombana nao kuhusu malisho, wakubaliane mti upi ni mpaka. Ilibidi mlinzi akimkamata binamu yake na gogo amtoze faini ile ile anayotozwa mpita njia, na akimkamata mpita njia asimtoze zaidi ya binamu. Upande huu wa pili ndio tunaousahau. Sheria inayomwelemea mgeni na kumsamehe ndugu haidumu msimu mmoja, kwa kuwa kila mtu katika kijiji kikubwa ni mgeni kwa ukoo fulani, na siku moja atakuwa yeye.

Mtihani mgumu zaidi uko kwa wafugaji na kwa wawindaji wa Kihadzabe, na hapo mkoa wetu haujafaulu. Wafugaji wa Kibarbaig wanaoonekana wakizurura na mifugo hawakuzaliwa na hamu ya kuzurura; wengi walipoteza malisho yao bora ya Hanang pale shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilipochukua takriban ekari 100,000 kwa kilimo cha ngano kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Mfugaji akiingiza ng'ombe kwenye alizeti ya mtu lazima alipe, hilo halina mjadala. Ila alipe baada ya kusikilizwa, na mbele ya baraza la ardhi la kijiji ambalo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeliweka kwa ajili ya usuluhishi, lenye wajumbe saba ambao watatu ni wanawake, wala si mbele ya vijana wenye marungu. Wahadzabe wa Munguli, wilayani Mkalama, wao hawakuhamia popote. Sisi ndio tuliowakuta. Lakini kwa uchache wao, kila jambo likiamuliwa kwa kunyoosha mikono wanashindwa na wakulima kabla ya kufungua kinywa. Wingi wa kura unaweza kumfanya mwenyeji kuwa mgeni kwao, na hakuna kifungu cha sheria kitakachozuia hilo ikiwa waliopo mkutanoni hawajajifunza kumwonea haya mtu dhaifu.

Najua wapo watakaosema kwamba maneno kama haya yanaipa serikali mwanya wa kukwepa kazi yake: wananchi wakarimu wachangie, wabebe majeruhi, watoe damu, walinde msitu, na halmashauri ikae kimya. Hofu hiyo ina historia, ndiyo maana waraka wa elimu wa 2015 ulipiga marufuku michango ya lazima shuleni baada ya wazazi kuchoshwa. Jibu langu ni kwamba watu waliozoea kutendeana wema ndio wagumu kudanganywa. Aliyembeba majeruhi mgongoni anajua kwa nini zahanati inahitaji gari, na atalidai kwa sauti ambayo mtu wa kusimuliwa hana. Wema wake unampa haki ya kudai, na unampa watu wa kudai naye. Aliyejifungia na familia yake anadai peke yake, na ofisi yoyote inajua jinsi ya kumngoja mtu mmoja achoke.

Katiba yetu, katika sura ya serikali za mitaa, inasema madhumuni ya serikali hizo ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mkoa wa Singida una vijiji zaidi ya 400, vyote vikiwa na viongozi waliopatikana katika uchaguzi wa Novemba 27, 2024. Ombi langu kwa wenyeviti hao ni moja. Katika mkutano ujao, kabla ya kusoma mapato na matumizi, wasimamisheni waliohamia kijijini tangu mkutano uliopita, wawe wakulima, wafugaji, walimu wapya au vibarua wa reli. Wataje majina yao na kitongoji walichofikia, waseme wanachohitaji na wanachoweza kusaidia, na wenyeji wawaulize wanachotaka kuwauliza hapo hapo, hadharani. Jambo hilo halihitaji bajeti wala kibali cha wilaya, na mnaweza kuanza mwezi huu.